Meno Yangu Yako Kwenye Saruji

Jumanne, tarehe 4 Machi

Asubuhi mke wangu amefungua kabati, akatoa bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili. Pesa za meno. Miezi kumi na minne ameshona foronya za watu, ua moja moja, mpaka vidole vimetoboka kama chujio. Akasema niende moja kwa moja kwa daktari wa meno, nisipite popote, nisisalimiane na mtu. Jumamosi ya wiki ijayo mjukuu wetu anaolewa, na mimi ndiye wa kutoa nasaha. Hataki babu wa bibi harusi asimame mbele ya watu mia mbili na meno matatu. Mawili chini, moja juu, na hayajuani.

Nimeondoka na nia safi kabisa. Nia imedumu mpaka kona ya pili.

Kona ya pili kasimama nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, tarishi mstaafu. Amebeba barua za wenzake miaka thelathini, sasa anatembea kama vile yeye ndiye aliyekuwa akiziandika. Jua linachoma, wingu hakuna hata la dawa, yeye kafungua mwavuli. Mwavuli wa kampuni ya saruji. Wenye hisa hupewa kwenye mkutano wao wa mwaka, na yeye hupita nao mtaani mpaka mkutano unaofuata. Kwa hiyo nyumbani kwangu anaitwa Mwavuli. Akiwepo, anaitwa Kaka.

Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba kampuni imetangaza gawio tena. Mwaka wa kumi na tisa mfululizo. Hisa zimelala kwenye karatasi, yeye kalala kitandani, pesa inakuja yenyewe kubisha hodi. Kisha akauliza, na zako wewe Shemeji ziko wapi? Nikasema ziko mahali. Akasema anajua, pesa zangu huja kunisalimia tu, hata viatu hazivui. Akacheka. Meno thelathini na mawili, meupe kama sahani za mgeni.

Nikapiga hesabu pale pale. Nimesoma mpaka darasa la nne, la tano likanikimbia, lakini hesabu ya pesa haitaki cheti. Nanunua hisa leo. Gawio linalipwa Jumatano ijayo. Nachukua gawio, nauza hisa kwa bei ile ile, narudisha pesa kwenye bahasha. Alhamisi napimwa meno, Ijumaa nayavaa, Jumamosi nasimama harusini. Meno yamo, faida imo, mwavuli umo! Nani atajua?

Ofisi ya wakala wa hisa iko ghorofani, juu ya duka la vioo. Nimehudumiwa na binti mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Shikamoo babu, kaa babu, maji babu. Akauliza nataka hisa kwa lengo gani. Nikasema kwa lengo la kula. Akasema hisa za namna hii ni za kukaa nazo, mtu hula gawio kidogo kidogo, au huliacha linunue hisa nyingine, miaka kumi, ishirini. Nikamwambia binti yangu, mimi nina miaka sabini na minne. Siku hizi nikishona kiatu namwambia mwenyewe akifuate kesho, tena mapema.

Akataja bei. Akaongeza kwamba leo ndiyo siku ya mwisho. Anayenunua leo anaingia kwenye orodha ya gawio la mwaka huu. Kuanzia kesho hapana.

Hapo nikamtambua. Leo ndiyo mwisho! Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe kwenye kibanda changu cha viatu miaka arobaini na moja. Jozi ya mwisho hii mama, kesho huikuti. Na kesho jozi ipo, imepigwa rangi upya. Nikamwambia apunguze. Akasema bei haipunguzwi. Nikataja nusu. Akatabasamu. Nikapanda kidogo. Akageuza kompyuta ili niione, kama mtu anayesema muulize mama. Basi nikafanya afanyavyo kila mtu aliyelelewa vizuri. Nikanyanyuka polepole, nikavaa kofia, nikasema asante binti, ngoja nizunguke zunguke. Nikashuka ngazi moja moja ili apate nafasi ya kuniita.

Hakuniita.

Nikakaa kwenye benchi mbele ya duka la vioo, mahali anaponiona dirishani. Saa nzima. Nikajitazama kwenye vioo kumi na viwili, wazee kumi na wawili, wote wanasubiri kuitwa. Mgumu huyu! Lakini nimeshasubiri wagumu zaidi.

Nyumbani nimesema daktari amechukua kipimo, meno yanachongwa, yatakuwa tayari Ijumaa ya wiki ijayo. Mke wangu akaanza kuimba huku anashona.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

USHINDI! Nimepanda tena kwa Miwani, na bei imeshuka. Si nusu, lakini imeshuka vizuri. Siku mbili tu za kumnunia!

Akajaribu kujieleza. Eti imeshuka kwa sababu orodha ya gawio imeshafungwa, kwa hiyo hisa inauzwa sasa bila gawio lake, na anayenunua leo asubiri la mwakani. Nikamwambia mwanangu, muuzaji akishindwa hahitaji kujieleza, mimi sina kinyongo. Akarudia tena, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua. Nikatikisa kichwa kila alipovuta pumzi. Ukitaka mtu aache kukueleza, kubali. Nikatia sahihi kila palipokuwa na alama. Bahasha nzima imeingia kwenye saruji. Nimebaki na bahasha yenyewe, nimeikunja na kuiweka ndani ya kofia.

Njia ya kurudi nimepita panapojengwa ghorofa. Mifuko ya saruji imepangwa mpaka juu. Kampuni yangu! Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikamwona fundi anachanganya, mchanga mwingi, saruji kiduchu. Nikamwambia ongeza saruji mwanangu, usibane. Akauliza mzee wewe ni nani hapa. Nikasema mwenye saruji. Akasema kumbe, basi shika upande huo tubebe.

Nimebeba mifuko minne. Mgongo umekataa kunyooka. Nyumbani nimesema ni kiti cha daktari wa meno.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Redio. Kila asubuhi saa moja nimekaa mbele yake kama mwanafunzi. Bei za hisa husomwa baada ya matangazo ya vifo na kabla ya hali ya hewa, na wiki hii sioni tofauti ya hayo mawili ya kwanza. Ijumaa saruji imeshuka. Leo imeshuka tena. Kidogo, anasema msomaji, kwa sauti ya mtu ambaye meno yake yote yako mdomoni.

Mke wangu ameuliza tangu lini najali hali ya hewa. Nikasema naogopa mvua siku ya harusi. Macho yakamlowa. Akaenda kwa majirani kuwaambia mume wake hali halali kwa ajili ya mjukuu. Kisha, bila kuniuliza, akaazima mwavuli wa Mwavuli kwa ajili ya bibi harusi! Kaka mtu amekuja nao mwenyewe, akaueleza kwa dakika ishirini. Huu ni wa mwaka wa kumi na sita. Ana mwingine wa mwaka wa kumi na nane, lakini huo hauazimishwi.

Mchana mjukuu amekuja na bwana harusi. Nikamwambia kijana waziwazi kwamba anatembea na mke wangu. Akainamisha macho, mtoto ana adabu. Mjukuu akacheka, akamwita bibi yake aje kumtetea mke mwenzake. Bibi akasema huyo mume mchukue tu mwenzangu, mimi nimemchosha, yaani amenichosha.

Kisha mjukuu akanishika mkono. Akasema Babu, siku ile nakutaka wewe, si mtu mwingine. Babu Mwavuli akisimama watu wataanza kutafuta viatu vyao. Nikamwahidi. Akasema na ule utani wa kuazima uutie. Nikasema huo ndio mstari wa tatu, ndipo kicheko kilipo, huo siuachi.

Kijana akauliza kwa heshima, babu ulikuwa unasema nini? Hakunielewa hata neno moja. Mjukuu akamtafsiria.

Siku mbili tu. Jumatano gawio.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Saa tatu asubuhi Mwavuli yuko kwetu. Simu yake ikalia. Akaisoma kwa sauti, akaisoma tena kwa sauti zaidi. Gawio limeingia. Mke wangu akampongeza. Mimi nikaitoa simu yangu, nikaiweka mezani, nikaitazama.

Kimya.

Nikaitikisa. Nikaipandisha juu ya kabati penye mtandao. Ikalia! Kampuni ya simu, wananitakia siku njema.

Nikaaga kwamba naenda kuangalia meno yamefikia wapi. Ngazi za Miwani nimezipanda mbili mbili, kwa mgongo huu huu. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Akatoa karatasi niliyotia sahihi, akaweka kidole. Jumanne ile ilikuwa ndiyo siku ya mwisho, babu, nilikwambia. Kumbe ningenunua siku ile, leo simu ingelia. Gawio langu la kwanza ni mwakani. Nikamuuliza, kwa hiyo ile bei haikushushwa na mimi? Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema hapana babu.

Nikasema uza zote. Akasema inawezekana, lakini bei ya leo iko chini ya niliyonunulia, kuna ada ya wakala ya kuingia na ya kutoka, na pesa huchukua siku kadhaa kufika, harusi itakuwa imeshapita. Kampuni ni nzima, haina ubaya wowote. Kaa nazo, babu. Zinalipa mtu mwenye subira.

Subira ninayo. Jumamosi ndiyo haina.

Nimekaa benchi. Wazee kumi na wawili, wote midomo wazi, na katika vioo vyote sijaona meno zaidi ya thelathini na sita.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Fundi hashindwi. Kibandani, nyuma ya kopo la misumari, kuna viatu vyeupe vya muuguzi. Mwenyewe alihama miaka tisa iliyopita bila kuvifuata. Kwa sheria ya kibanda, kiatu kikikaa mwaka ni cha fundi. Soli zake ni raba nene, nyeupe pe, haijaoza hata ncha. Nimejifungia tangu asubuhi. Kisu cha ngozi, msasa, uzi wa kushonea. Nimechonga safu ya juu yenye meno kumi na manne na safu ya chini yenye kumi na mawili, nikayatoboa mahali pa kukaa yangu matatu. Gundi sikutia mdomoni, mimi si mwendawazimu. Nimetia kidogo tu.

Kwenye kioo nimejiona. Nafanana na farasi aliyestaafu. Lakini mdomo ukifungwa, mashavu yamejaa, midomo imenyooka. Nimerudi miaka kumi nyuma!

Tatizo ni kwamba ukiufungua yanatoka.

Mke wangu alikuwa mlangoni tangu saa tisa. Akasema hebu nione. Nikaandika pembeni ya gazeti: daktari kakataza kufungua mdomo siku tatu, yakae sawa kwanza. Akanishika mashavu kwa viganja, akanitazama muda mrefu. Akasema umekuwa kama siku ile uliponiletea viatu vyangu nyumbani na kusahau kunidai. Nilitaka kusema kitu. Siwezi. Raba ina ladha ya barabara.

Kisha akauliza, na nasaha kesho nani atazitoa? Kabla sijapata penseli akajijibu. Kaka atasoma. Andika tu, Kaka atasoma.

Mwavuli! Asome mstari wa tatu!

Jumamosi, tarehe 15 Machi



Ukumbi umejaa. Mimi meza ya mbele, mdomo umefungwa, natabasamu kwa macho. Kila aliyekuja kunisalimia mke wangu alimwambia ana meno mapya, hazungumzi, amri ya daktari. Wakanipa pole na hongera kwa pamoja. Chakula kikapita mbele yangu kama gari la wakubwa. Sikula.

Mshereheshaji akaita nasaha za babu wa bibi harusi. Akasimama Mwavuli, tai shingoni, karatasi yangu mkononi. Mstari wa kwanza, salamu, akasoma vizuri. Wa pili, kumkaribisha kijana, akasoma vizuri kiasi. Nikamtazama mjukuu, naye ananitazama, anasubiri wa tatu.

Akauruka!

Akakunja karatasi. Akasema mengine ni mzaha wa wazee, yeye angependa kuongeza la maana. Ndoa, akasema, ni kama hisa. Akaanza na mwaka wa kwanza. Akaeleza gawio la mwaka wa pili. Alipofika mwaka wa tano kuna mtu nyuma alikuwa anakoroma, na mjukuu wangu anatazama meza. Siku yake! Anatazama kitambaa cha meza.

Sijui nilisimamaje. Nilisikia tu mtu anapayuka: umeruka mstari, wewe tarishi! Kumbe mimi. Safu ya juu ikatoka kama risasi, ikapiga meza, ikadunda. Ni raba, lazima idunde. Ikadunda tena, ikatulia kando ya bilauri ya baba wa bwana harusi. Safu ya chini ikaifuata bila haraka.

Baba wa bwana harusi akaiokota ya juu, akaigeuza. Ni mtu wa makini. Akasoma kwa sauti kilichochapwa nyuma: thelathini na nane. Akaniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo idadi ya meno.

Nilikuwa nimeshaharibikiwa, nikaona bora niharibikiwe vizuri. Nikausema mstari wa tatu kwa fizi tupu, kwa sauti ya sokoni, neno moja moja kama napiga misumari. Nikamwambia kijana huyu ni mke wangu, nimekaa naye miaka ishirini na mitatu na talaka sijampa wala sitampa. Kwa hiyo leo sikupi, nakuazima. Na kitu cha kuazima hurudishwa kizima. Ukiona kinakwaruzika usikitupe, kilete kwa fundi, lakini ujue fundi atauliza nani kakikwaruza. Na usinitazame hivi ukadhani siwezi kukuuma. Meno ninayo, ni vile tu baba yako ameyashika.

Ukumbi ulianguka. Mshereheshaji alikaa chini. Baba mtu akacheka mpaka akanywa maji ya bilauri ya jirani. Mjukuu akaja mbio na gauni lake lote, akaning'ang'ania shingoni. Kijana akasema safari hii ameelewa kila neno.

Mtu mmoja hakucheka. Alimwomba baba wa bwana harusi ile safu, akaishika, akaigeuza. Anaijua. Miaka tisa amefagia kibanda changu, amevihamisha viatu vile mara ngapi.

Akaitia mkobani pamoja na ya chini, akafunga zipu.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Tangu jana hajasema neno. Amepika, ametenga, amefagia. Ametoa cherehani, ameirudisha. Nimekohoa mara kumi na moja. Nimejaribu utani wa kuku na mwenye nyumba, ambao haujawahi kushindwa. Umeshindwa.

Jioni akaja mezani, akaweka safu mbili za raba katikati yetu, akauliza bahasha iko wapi. Nikavua kofia, nikampa. Akaifungua, akachungulia, akaipuliza. Basi nikasema yote. Mwavuli na kona ya pili, Miwani, benchi, mifuko minne ya saruji, redio, soli. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja, pesa imepotea au ipo? Nikasema ipo, ila imejificha.

Akakaa. Kisha akasema hakushona foronya zile ili nipendeze. Nikipendeza nitakwenda wapi? Akasema miaka minne sasa namung'unya maneno. Nasema kitu, wanaonizoea wanacheka, yeye yuko kwenye cherehani anauliza kasema nini, kasema nini, na utani ukielezwa umeshapoa. Aliolewa na mdomo huu, akasema, si na kibanda. Alitaka anisikie.



Alipoinuka akasema jana, kwa kuwa nilipayuka, mstari wa tatu aliusikia wote. Hakugeuka. Lakini bega lake la kushoto lilitikisika mara moja, na bega hilo nimelijua miaka arobaini na sita.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Amenipeleka kwa Miwani kama mtoto aliyevunja dirisha. Miwani akamwamkia, akamwambia jambo ambalo sikulitarajia. Siku ile ya kwanza nilipokaa benchi saa nzima walidhani nimeugua, nusura waite gari la wagonjwa. Mke wangu akanitazama. Nikatazama dari.

Akavuta kiti, akauliza maswali kama anayenunua kitambaa. Kampuni imelipa miaka mingapi? Kumi na tisa. Na ile miaka mibaya? Ililipa kidogo, lakini ililipa. Inalipa kutoka kwenye faida au inakopa ili ilipe? Miwani akaketi vizuri, akasema mama, wateja wachache huuliza hilo. Kutoka kwenye faida. Na akiuza leo? Hasara. Basi hauzi mtu, akasema mke wangu. Shuka haliuzwi likiwa majini.

Akaagiza ujumbe wa gawio uwe unakwenda kwenye simu yake. Miwani akauliza kama gawio linunue hisa nyingine. Akasema baadaye, la kwanza lina mdomo wa kujaza.

Karatasi imeingia kabatini, ufunguo uko shingoni mwake. Anasema na hili daftari pia linaingia, kwa kuwa nikiwa na penseli napata mawazo. Nimeomba nimalize sentensi. Amesema

Jumatatu, tarehe 20 Aprili, mwaka uliofuata

Daftari limetoka leo! Mke wangu amenipa niandike maagizo ya daktari wa meno, nisije nikayasahau.

Yaliyopita kwa ufupi. Gawio limelipwa wiki iliyopita, simu ikalia kifuani kwake, akaisoma kimya kimya, akaendelea kushona. Hivyo ndivyo wanavyopokea gawio watu wenye akili, Mwavuli alikuwepo akaona. Lilikuwa la kutosha meno mawili, labda na ufizi. Yaliyobaki ni foronya, mwaka mzima. Bei ya saruji imepanda, imepita pale niliponunulia, na hisa hakuna aliyezigusa. Mkutano wa mwaka mke wangu alikwenda mwenyewe. Alirudi na kofia na mwavuli wa kampuni. Kofia akanipa mimi. Mwavuli huo ameubakiza yeye. Mjukuu ana mimba, bado sijarudishiwa.

Leo amenisindikiza mpaka mlangoni kwa daktari. Bahasha kwenye mfuko wangu wa ndani, kaushona kwa uzi mweusi, nikakatiwe na muuguzi. Akasema anakwenda kununua nyuzi, saa sita atarudi anikute nimepimwa.

Daktari ni kijana mpole. Kiti safi, taa nzuri. Amenitazama mdomoni, akahuzunika, akaniambia bei. Kisha akasema ni bahati nimekuja leo. Leo ndiyo siku ya mwisho kwa bei hii, kesho vifaa vipya vinaingia na bei itapanda.

Leo ndiyo mwisho!

Nikamtazama. Akanitazama. Kijana mzuri kabisa, lakini mimi nimeuza jozi za mwisho miaka arobaini na moja. Nikataja nusu. Akatabasamu. Nikashuka kitini polepole, nikavaa kofia ya saruji, nikamwambia asante daktari, ngoja nizunguke zunguke.

Nimekaa benchi hapa nje, usawa wa dirisha lake, anaponiona vizuri. Saa sita kasoro dakika tano. Mke wangu yule, anakata kona. Jua linachoma, lakini mwavuli ameukunja, na ameushika katikati, kama bakora.

Dirisha bado kimya. Mgumu huyu daktari. Lakini nimeshasubiri wagumu zaidi.